Mume wangu anadhani vifurushi ni vya mwanamume

Barua

Mimi ni mwalimu wa hesabu, nina miaka 38, naishi Tanga na mume wangu na watoto wawili, wa miaka tisa na minne. Miaka mitatu iliyopita nilinunua seti ya bisibisi ndogo ili nibadilishe betri ya saa yangu mwenyewe. Nilifurahi kupita kiasi. Usiku ule ule nikaanza kutazama kwenye simu vifaa vya mafundi saa wa zamani wa Ulaya na Marekani, na sijaacha hadi leo. Nina vibanio kumi na tisa. Nina minyororo ya saa za mfukoni, funguo za saa, mikanda ya ngozi, kifaa cha kuondoa sumaku kilichotoa moshi siku niliyokichomeka, na kichwa cha mashine ya kukerezea ya Boley ambacho sijawahi kukizungusha. Vifurushi vingine sijavifungua. Saa niliyoifungua ikafungika na kutembea tena ni moja tu.

Mwezi wa tatu ilikuwa zamu yangu ya kupokea mchezo, shilingi 1,800,000. Zilikuwa za mabati ya vyumba viwili tulivyojenga. Nikanunua kasha la vyuma vya kugongea la Kendrick & Davis, pamoja na droo nzima ya fundi mmoja marehemu wa Uingereza. Nilihisi nikiiacha itatupwa. Mume wangu nilimwambia mabati yamepanda bei. Wiki iliyopita alikwenda Posta mwenyewe, akapewa kifurushi chenye jina la mwanamume wa Kizungu, na ndani mna kadi ya shukrani iliyochorwa moyo. Hasemi nami. Amehamia sebuleni. Saa yake, Seiko 5 aliyonunuliwa na marehemu baba yake, imesimama mwaka mzima kabatini, nami naogopa kuigusa.

Kwenye ile droo mna vichupa, bahasha nyingi, na kopo dogo la bati lenye unga wa njano kuelekea kahawia. Limeandikwa kwa Kiingereza kuwa ni unga wa kung'arisha akrabu gizani, ila haung'ai. Mdogo alilichezea. Je, huu ni ugonjwa? Niuze vyote? Na mume wangu nimwambie nini?

Mwalimu wa Hesabu, Tanga

Jibu

Mwalimu,

Mumeo akae sebuleni siku moja zaidi. Tuanze na lile kopo. Umelitaja mwishoni kabisa, kati ya vichupa na bahasha, nalo ndilo jambo pekee katika barua yako lisilofaa kulala hadi kesho.

Unga wa aina hiyo uliouzwa kwa mafundi kabla ya miaka ya 1960 kwa kawaida ulikuwa na radiamu. Chembe za radiamu zilichanganywa na salfidi ya zinki. Mionzi ikiipiga ile salfidi, inatoa mwanga wa kijani, na mtu anasoma saa usiku bila kuwasha taa. Unasema unga wako haung'ai. Hilo lisikufariji. Kinachochoka ni salfidi ya zinki, ambayo huharibika kwa kupigwa miaka na miaka mpaka ikanyamaza. Radiamu yenyewe haijachoka. Hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600 hivi. Wewe ni mtu wa hesabu: kopo lililojazwa mwaka 1940, leo limebaki na radiamu kiasi gani? Nimekufanyia. Ni asilimia 96 na ushei.

Usilifungue ili uhakikishe. Sehemu kubwa ya mionzi ya radiamu haipenyi hata ngozi ya mkono, ingawa ipo nyingine inayopita kwenye bati, ndiyo maana kopo halikai chumbani. Hatari hasa ni vumbi. Ukilivuta au kulilamba, mwili huidhania radiamu kuwa kalisi, ukaipeleka kwenye mifupa na kuihifadhi humo, nayo ikaendelea kupiga kutoka ndani. Juu ya hayo hutoa gesi ya radoni, ambayo haina harufu.

Basi leo, watoto wakiwa nje, vaa glavu, litie kopo kwenye mfuko wa plastiki, uufunge, uutie ndani ya mwingine, kisha kwenye ndoo yenye mfuniko. Ndoo iende stoo ya nje inayopitisha hewa, mahali asipolala mtu wala kupika, na uandike juu yake kwa herufi kubwa kwamba haifunguliwi. Pale lilipokuwa pafutwe kwa kitambaa kibichi. Usifagie, maana ufagio hurusha vumbi. Kitambaa na glavu viingie ndooni. Nawa mikono vizuri, na mtoto umnawishe. Kama kopo halikufunguka mikononi mwake, usijitie presha. Kama ulimkuta na unga vidoleni au mdomoni, mpeleke hospitali na utamke neno radiamu. Usiseme "rangi ya saa", hawatakuelewa. Na ole wako ulitupe jalalani, ulichome moto au umpe muuza vyuma chakavu.

Wenye kazi hiyo nchini ni Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Wapigie. Waeleze kama ilivyo: lilikuja ndani ya droo, hukuliagiza, huna kibali, unataka lichukuliwe. Najua Mtanzania akisikia neno kibali hujificha nyuma ya pazia, lakini anayejitokeza mwenyewe na kopo mkononi si sawa na anayekutwa nalo.

Nakueleza kwa urefu kwa sababu walioumizwa zaidi na unga huu walikuwa wanawake vijana, wengine wadogo kuliko wanafunzi wako wa kidato cha nne. Kule Orange, New Jersey, tangu wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, wasichana waliajiriwa kupaka rangi nyuso za saa. Tarakimu zilikuwa nyembamba, brashi zikichanuka, wakafundishwa kuzichonga ncha kwa midomo: lamba, chovya, paka. Waliambiwa haina madhara. Wengine walijipaka kucha na meno ili wang'ae kwenye dansi. Baadaye mataya yalianza kuoza na mifupa kuvunjika. Watano walishtaki mwaka 1927 wakiwa wagonjwa mahututi, na suluhu ikafikiwa mwaka 1928. Kesi yao ndiyo iliyobadili namna Marekani inavyowatazama wafanyakazi wanaougua kwa ajili ya kazi. Unga wao ndio jamaa wa unga ulioko mezani pako.

Na ungali na bahasha. Ukikuta akrabu au nyuso za saa zenye rangi nene ya kahawia iliyopasukapasuka, hasa kama karatasi iliyozifunika imeungua kivuli chenye umbo lile lile, zifungie pamoja na kopo. Usizikwangue eti uzisafishe. Saa za baadaye, zile zenye herufi T ndogo chini ya namba 6, zina tritiamu, ambayo hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Hizo zimekwisha nguvu kwa sehemu kubwa, ila hata hizo hazikwanguliwi. Kuhusu vichupa, chochote kisicho na karatasi ya jina kisinuswe wala kumwagwa, zaidi sana chenye chembe nyeupe kama sukari. Mafundi wa zamani walitumia sianidi kung'arisha shaba na fedha, na sianidi ikikutana na asidi, hata ya ndimu, hutoa gesi inayoua. Vichupa visikae na kopo. Vipe chombo chake, na ukipiga simu ile uvitaje.

Haya. Sasa nipumue, tuzungumze vyuma.

Umewahi kujiuliza kwa nini droo za mafundi saa zimejaa sokoni kiasi hiki, kana kwamba mahali fulani kuna kisima? Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilianza kuuza Tokyo saa ya mkononi ya kwatzi, Astron, ya kwanza duniani kufika dukani, kwa yeni 450,000, bei ya gari dogo wakati ule. Baada ya miaka kumi na mitano saa ya namna hiyo ilikuwa inauzwa kando ya barabara pamoja na njugu. Haina kamani ya kutiwa ufunguo, haidai kusafishwa kila miaka michache, ikifa inatupwa. Huko Uswisi wafanyakazi wa viwanda vya saa walikuwa kama 90,000 mwaka 1970. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walibaki kama 30,000. Vibanda vya mafundi Ulaya na Marekani vikafungwa mtaa kwa mtaa. Meza zikapandishwa darini. Wenyewe wakafa. Leo wajukuu wanafungua zile droo, hawajui hiki ni nini wala kile, wanapiga picha na kuandika "vitu vya babu".

Nawe, Mwalimu, uko macho Tanga saa tisa usiku, maana minada ya jioni ya Marekani hufungwa saa hiyo kwetu, unazuia maziko yaliyokwisha kufanyika miaka arobaini nyuma. Mkusanyaji huchagua. Anakataa vitu tisa ili apate cha kumi. Wewe hukatai. Umeandika mwenyewe: nikiiacha itatupwa. Ndiyo, itatupwa. Zinatupwa kila siku, pamoja na zile ambazo hukuziona kwa sababu siku hiyo ulikuwa unasahihisha madaftari, na hukupungukiwa kitu.

Sikusemi kutoka juu ya mnazi. Mimi mwenyewe niliwahi kununua kichwa cha mashine ya kukerezea kama hicho chako, nikakisubiri miezi minne, nikalipia ushuru, nikakifuta mafuta kama mtoto mchanga. Kisha nikagundua kwamba bila koleti, vile vishikio vyake vya chuma vilivyopasuliwa mdomo, kichwa cha mashine ni kizuizi cha mlango. Nikaagiza koleti. Zikaja za milimita 8, kichwa changu kilikuwa cha milimita 6. Nikaagiza nyingine za ukubwa sahihi. Zikaingia nusu zikagoma, uzi wake ni wa kiwanda kingine. Muuzaji hakunidanganya, hakuandika lolote, nami sikuuliza. Niliogopa nikiuliza mtu mwingine ataniwahi. Hofu hiyo unaijua. Kizuizi cha mlango ninacho mpaka leo, na kinazuia vizuri sana.

Umeuliza kama ni ugonjwa. Vile vifurushi ambavyo hujavifungua ndivyo vinavyonijibu. Anayetaka kifaa hukipasulia karatasi pale pale kaunta ya Posta. Wewe ulichokuwa unakitaka kilikwisha wakati sekunde za mwisho za mnada zilipohesabika na jina lako likabaki juu. Siuiti ugonjwa, lakini ni mazoea yenye meno. Toa kwenye simu kadi ya benki iliyohifadhiwa humo, na saa nne usiku simu ilale chumba kingine kwa siku tisini. Ukishindwa, yaani ukajikuta unaamka kuifuata, hapo safu ya gazeti haikutoshi, muone mshauri wa afya ya akili hospitali ya mkoa. Hakuna aibu.

Niuze vyote? Hapana, kwa sababu anayeuza vyote kwa hasira hununua upya kwa majuto, na bei ya majuto ni kubwa zaidi. Lakini kasha liuzwe.

Nilijua hapo utashtuka, basi nikueleze unachokiuza. Kendrick & Davis walikuwa watengenezaji wa Lebanon, New Hampshire, na kasha lao ni miongoni mwa vitu vizuri kabisa vilivyowahi kuwekwa kwenye meza ya fundi. Fremu iliyopinda kama shingo ya korongo. Chini yake meza ya chuma ya duara yenye matundu, kubwa mpaka dogo, inayozunguka ili tundu unalolitaka likae sawasawa chini ya shimo la juu. Pembeni safu za vyuma kama penseli fupi, kila kimoja na ncha yake, bapa, mviringo, chenye tundu katikati. Kama ni la aina ya Inverto, chuma cha kugongea unaweza kukipindua, kikakaa chini kama fuawe. Kazi yake kuu ni kupachika mhimili mpya wa gurudumu la mizani, ule wenye ncha za unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita, ambao saa ikianguka sakafuni ndio huvunjika kwanza. Saa nyingi zilizotengenezwa baada ya miaka ya 1930 zikaanza kuwekewa kinga ya mshtuko, na kazi hiyo ikapungua, lakini saa za mfukoni za zamani haziponi bila kasha la namna hii.

Uzuri wote huo ni wa fundi aliyekwisha kuvunja na kupachika mihimili hamsini. Wewe umefungua saa moja. Utalihitaji baada ya miaka mitano, na mvua haitasubiri miaka mitano. Kabla hujaliuza, lifungue mchana kweupe, uhesabu matundu yaliyo wazi. Chuma kikikosekana, usijaze tundu kwa chuma cha kiwanda kingine ili lionekane limejaa. Kila kiwanda kina kipenyo chake, cha kuazima ama hakiingii ama kinacheza, na mnunuzi anayejua atakiona kwenye picha ya kwanza. Andika idadi kamili, piga picha ya nafasi tupu. Hivyo ndivyo ambavyo ungependa wewe uuziwe.

Kichwa cha Boley nacho kiende. Boley wa Esslingen, Ujerumani, walitengeneza mashine nzuri, ila chuma kizito usikirudishe Ulaya, nauli itameza faida. Kitafutie mtu Dar es Salaam au Nairobi ambaye tayari ana koleti zake, na umpimie kipenyo kabla hajakuuliza. Minyororo ndiyo ya kuuza nje, ni myepesi na wanunuzi wapo. Ile yenye kijiti cha kupita kwenye tundu la kifungo cha kizibao huitwa Albert, kwa jina la mume wa Malkia Victoria. Itazame kwa kioo cha jicho: mnyororo wa fedha wa Kiingereza mara nyingi umegongwa chapa ya simba kwenye kila pete, si kwenye ndoano peke yake. Ukiwa na chapa kote, usikubali bei ya bati. Mikanda ya ngozi ya kawaida gawa au tupa, hewa ya bahari itaila tu. Ukikuta wa ngozi halisi ya mamba, usiutume nje ya nchi bila kuuliza habari za kibali, kuna mkataba wa kimataifa wa wanyamapori juu yake.

Vibanio kumi na tisa! Hata ngisi hana mikono hiyo. Chagua vinne ambavyo ncha zake zikikutana mbele ya dirisha hazipitishi mwanga. Kama kuna cha Dumont, Waswisi, chenye namba 5, hicho ndicho chembamba cha kushika kamani ya unywele. Kifiche, wala usikitumie kutoa miiba ya samaki, najua watu wanaofanya hivyo. Bisibisi zako bakiza zote. Funguo za saa bakiza, hazili nafasi, na zinakumbusha enzi kabla Adrien Philippe hajaleta katika miaka ya 1840 namna ya kutia saa ufunguo kwa kichwa chake chenyewe. Kile kifaa cha kuondoa sumaku kilichotoa moshi ni cha Marekani, umeme wao ni volti 120 na wetu ni 230. Kilikufa kifo halali. Vitakavyobaki vipanguse kwa mafuta ya cherehani, uvifunge na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu. Tanga haina huruma na chuma.

Sasa mumeo.

Kabla ya kusema naye, kaa na karatasi. Andika kila ulichonunua kwa miaka mitatu: bei, nauli, ushuru, na VAT ya asilimia 18. Kumbuka kwamba ushuru huhesabiwa juu ya bei pamoja na nauli na bima, kwa hiyo zile nauli ulizokuwa unajifanya huzioni zimekutoza mara mbili. Jumlisha. Ukipata jumla, usiipunguze hata shilingi elfu. Mtu aliyedanganywa mara moja huwa mkaguzi wa hesabu mkali kuliko wa serikali, na akikuta elfu kumi iliyofichwa, hata ile milioni uliyoisema kweli itaonekana ya uongo.

Halafu mwite. Usimfuate sebuleni na sinia la chai kama anayeomba ruhusa ya safari. Mwambie mbele ya meza yenye vifaa vyote, vilivyofunguliwa, hata vile ambavyo wewe mwenyewe hujaviona. Anza na mabati, usianze na moyo. "Mabati hayakupanda bei. Fedha za mchezo nilinunulia hivi. Nilikudanganya." Nyamaza. Yeye aseme anachosema. Baada ya hapo ndipo umpe simu yako asome mazungumzo yote na yule muuzaji, mwanzo hadi mwisho, aone wauzaji wa mtandaoni walivyo: hata anayekuuzia misumari hukuchorea moyo ili umsifie mbele ya wanunuzi wengine.

Kuna neno moja usilitamke: "tu". Utashawishika kusema, "Mume wangu, kumbe ulikuwa unaogopa mwanamume, ni vyuma tu." Wewe utaliona la kumtuliza. Yeye atasikia kwamba paa la wanawe lilibadilishwa kwa vyuma tu. Kusema kweli, naogopa kwamba mwanamume angemuumiza kidogo zaidi na kumchanganya kidogo sana. Mwanamume wa pembeni anaeleweka, kila mtaa una hadithi yake. Mke anayeamka saa tisa usiku kununua fuawe ya marehemu wa Uingereza, hiyo hana pa kuiweka. Kwa hiyo mweleze. Mweleze ile betri ya kwanza, na saa ile moja ilivyotembea. Umeniandikia mimi nisiyekujua kwamba ulifurahi kupita kiasi. Yeye umewahi kumwambia?

Wazee na washenga usiwaite bado. Waitwe kama wiki mbili zimepita na bado hasemi. Na wenzako wa mchezo usiwaombe mkopo wa kuficha shimo, utakuwa umechimba la pili. Kasha likiuzwa, fedha ziingie mkononi mwake, si mwako, naye akanunue mabati. Kama hazitatosha, na huenda zisitoshe, tofauti itoke kwenye mshahara wako mwezi kwa mwezi, imeandikwa kwenye karatasi ile ile.

Jumamosi moja nenda sokoni, umtafute fundi saa, kuna mmoja wao bado katika kila soko kubwa, mwenye kimeza cha kioo na mwavuli. Usimpelekee kasha kumringia. Beba vibanio vyako vinne na bisibisi, umwombe akuuzie mashine ya Seiko 5 iliyokufa, isiyo na kasha wala kioo. Huwa wanazo kwenye kopo la maziwa, za kung'olea vipuri, na hazizidi bei ya chakula cha mchana. Seiko walianza kutoa saa za jina hilo mwaka 1963, na bara letu lilizipenda kwa sababu hazidai betri, mkono ukicheza zinajijaza zenyewe. Wazee wetu walizifunga kwa bangili ya chuma inayovutika, ile iliyong'oa vinyweleo vya mikono ya kizazi kizima. Fundi akikubali, kaa naye saa mbili umtazame. Utamwona akitumia sindano ya cherehani iliyochongwa kwenye jiwe mahali ambapo wewe ulilipa dola arobaini. Atakucheka. Mwache acheke, kisha umuulize ile sindano aliichonga vipi.

Ile mashine iliyokufa ifungue, upige picha kila hatua, uifunge. Siku ya kwanza skrubu itaruka na hutaiona tena maishani. Tandika shuka jeupe chini ya meza kabla, si baada. Ifungue tena. Ikifika mara ya kumi na hakuna kilichobaki mezani, na mizani inapepea ukiipuliza, mwonyeshe mumeo. Seiko ya baba yake iache kabatini ilipo. Hiyo usiiguse mpaka yeye mwenyewe aitoe na kuiweka mbele yako.

Lakini kabla ya hayo yote, ndoo, glavu, na ile simu kwa Tume. Leo.